Bima ya kazini na ujauzito: nani analipa nini

Waajiriwa wengi wa Tanzania wanaotuuliza kuhusu gharama za uzazi huanza na kauli moja: “Kazini nina bima, kwa hiyo sina wasiwasi.” Huenda ni kweli, lakini mara nyingi kauli hiyo huchanganya haki tatu zinazosimamiwa na vyombo tofauti. Gharama za matibabu ni jukumu la bima ya afya, mshahara wakati wa likizo ni wajibu wa mwajiri, na mafao ya uzazi ni fedha taslimu zinazotolewa na mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwajiriwa anaweza kuwa na moja akakosa nyingine, na baadhi ya masharti yake hutakiwa kutimizwa miezi mingi kabla ya siku ya kujifungua.

Upande wa likizo sheria iko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 ikiwa amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Anatakiwa kumjulisha mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, taarifa hiyo ikiambatana na cheti cha daktari. Baba naye ana angalau siku tatu zenye malipo. Haki hizi hazitegemei kama kampuni imekata bima au haijakata, na mwajiri anayemwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito anavunja sheria hiyohiyo.

Mafao ya uzazi ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) yana sharti la uchangiaji. Mwanachama awe amechangia si chini ya miezi 36, na kati ya hiyo miezi 12 iwe ndani ya miezi 36 iliyotangulia kujifungua. Kwa hiyo mwajiri anayekata michango kwenye mshahara bila kuiwasilisha anaweza kumnyima mama fedha anazostahili, naye asijue hadi siku anapojaza fomu ya madai. Tunamsihi kila mwanachama akague taarifa ya michango yake mapema, wala asisubiri mimba ifikishe miezi minane.

Bima ya afya ndiyo yenye mambo mengi zaidi. Mtumishi wa umma huchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri, na wanaonufaika ni yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Hesabu hiyo inahitaji kuangaliwa kabla mtoto hajazaliwa. Mtumishi aliyekwisha kuwaandikisha watoto wawili na wazazi wake wawili amejaza nafasi zote nne, na mtoto wa tatu akizaliwa leo hana pa kuingia mpaka orodha ibadilishwe. Ni jambo zito kwa familia, kwa sababu humlazimu mtu kuchagua kati ya mtoto na mzazi, na haifai liamuliwe mama akiwa bado wodini.

Katika kampuni binafsi mwajiri hununua bima ya kikundi, na kila mkataba una jedwali lake la mafao. Mfanyakazi aliombe jedwali hilo kwa ofisa rasilimali watu na kulisoma mwenyewe, hasa mstari ulioandikwa “Uzazi”. Mara nyingi mstari huo una ukomo wake, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa, tofauti na ukomo wa gharama za kulazwa. Tuseme ukomo wa kulazwa ni shilingi 10,000,000 na wa uzazi ni 1,500,000. Mama akijifungua kwa upasuaji unaogharimu 2,300,000, familia italipa 800,000 mfukoni, ingawa ile milioni kumi haijaguswa. Kuna pia mikataba inayotoa gharama za kliniki na za ultrasaundi ndani ya ukomo huohuo wa uzazi, hivyo siku ya kujifungua fedha zinakuwa zimekwisha kupungua.

Ulizeni pia kuhusu matatizo ya ujauzito. Mimba ikiharibika, ikitunga nje ya kizazi, au mama akipata kifafa cha mimba, je, gharama zinaingia kwenye uzazi au kwenye kulazwa? Tofauti ya majibu inaweza kuwa mamilioni, na kwa maoni yangu hili ndilo swali la kwanza ambalo chama cha wafanyakazi kingepaswa kulipeleka mezani mkataba unapohuishwa.

Swali linalofuata ni la mtoto mwenyewe. Mtoto njiti anaweza kukaa wiki kadhaa katika wodi ya watoto wachanga, na gharama zake mara nyingi huzidi za mama. Baadhi ya mikataba humhesabu chini ya ukomo wa mama mpaka atakaporuhusiwa, na mingine hudai asajiliwe kwanza. Tangazo la kizazi linalotolewa hospitalini lipelekwe kazini mara moja ili usajili uanze, kwa maana siku za kufanya hivyo huwekewa kikomo.

Anayebadili kazi akiwa mjamzito ana hatari ya pekee, kwa kuwa bima ya kazini kwa kawaida hukoma ajira inapokoma, na bima mpya inaweza kuwa na kipindi cha kusubiri kabla ya mafao ya uzazi kuanza. Mikataba mingi ya vikundi vikubwa huondoa kipindi hicho, lakini ya vikundi vidogo huenda isiondoe. Jibu la mwajiri mpya lipatikane kwa maandishi kabla ya kusaini mkataba wa ajira. Vilevile mwanamume amwandikishe mwenza wake mapema, kwani jina likiongezwa baada ya mimba kuonekana, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipia uzazi huo.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa barua. Malalamiko dhidi ya kampuni ya bima hupelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na yanayohusu likizo au kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.