LDL kwenye karatasi ya majibu ni nini, na namba yake hutoka wapi?

Ukipewa majibu ya kipimo cha mafuta kwenye damu utakuta mistari minne: kolesteroli yote, HDL, trigliseridi na LDL. Daktari macho yake yataenda moja kwa moja kwenye LDL. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba, katika maabara nyingi, mashine imepima ile mitatu tu. LDL imepigwa hesabu.

Tuanze na majina. Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, ni mafuta yanayofanana na nta. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, na mwili unaihitaji ili kujenga utando wa seli, nyongo na baadhi ya homoni. Trigliseridi ndiyo mafuta tunayoyafahamu, yale ya kikaangoni na yale ya kiunoni. Sasa damu ni majimaji, na mafuta hayachangamani na maji. Tazama mchuzi wa nyama uliopoa. Kwa hiyo mwili huyafungasha katika vifurushi vidogo mno vyenye protini juu yake, ndipo yasafiri.

LDL na HDL ni majina ya vifurushi hivyo. Ile habari ya "kolesteroli nzuri" na "kolesteroli mbaya" imewapotosha watu kiasi, kwani kolesteroli ni ileile, tofauti ni gari iliyopakiwa. LDL huipeleka kwenye viungo, na ikiwa nyingi kwa miaka, hupenya kwenye kuta za mishipa ya damu na kujijenga humo bila mtu kuhisi chochote. HDL husaidia kuirudisha kwenye ini. Liko gari la tatu lisiloandikwa kwenye karatasi, VLDL, ambalo ini hulitumia kusafirisha trigliseridi, na ndani yake mna kolesteroli kidogo pia. Hilo lisilotajwa ndilo lenye kisa.

Damu ikishatolewa huachwa igande, kisha kichupa huzungushwa kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zitue chini na juu ibaki seramu ya manjano. Mtu wa maabara huanza kusoma mambo hapohapo kwa macho: trigliseridi zikiwa nyingi seramu huwa na ukungu, zikizidi mno huwa nyeupe kama maziwa. Seramu kidogo huchanganywa na vimeng'enya, na inatokea rangi ya waridi. Kadiri kolesteroli ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea, na mashine hupitisha mwanga kupima ukolevu huo.

Kuitenga LDL yenyewe kulihitaji mashine ya kuzungusha kwa kasi kubwa sana, ghali na ya kuchukua muda mrefu. Mwaka 1972 William Friedewald na wenzake nchini Marekani walitoa njia ya mkato: chukua kolesteroli yote, toa HDL, kisha toa makisio ya ile iliyomo ndani ya VLDL. Makisio hayo ni trigliseridi gawanya kwa 2.2 ikiwa vipimo ni vya milimoli kwa lita, au kwa 5 ikiwa ni miligramu kwa desilita.

Tuseme, kwa milimoli, kolesteroli yote ni 6.2, HDL 1.1, trigliseridi 2.2. Gawanya 2.2 kwa 2.2 upate 1. Kisha 6.2 toa 1.1 toa 1, LDL ni 4.1. Mtu huyohuyo angepita kwanza mgahawani akala chapati mbili na maharage ya nazi, trigliseridi zingeweza kufika 3.3, huku kolesteroli yote ikibaki palepale au karibu na hapo. LDL yake ingesomeka 3.6. Chakula hakijapunguza chochote kwenye mishipa yake, ila hesabu imedanganyika.

Ndiyo sababu huambiwa ufunge kwa muda wa saa 9 hadi 12 kabla ya kutolewa damu. Kufunga huku si saumu, maji ruksa, na dawa usiziache ila daktari akisema. Hata hivyo masharti yamelegea: Denmark iliacha kudai kufunga tangu 2009, na wataalamu wa Ulaya wakalikubali hilo kwa wagonjwa wengi mwaka 2016. Ukiambiwa uje umekula, usidhani maabara ni ya ovyo. Ila taja kama umekula.

Angalia pia kizio. Mmoja ana kolesteroli 198, jirani yake 5.3, na mwenye 198 anaingiwa hofu bure. Ya kwanza ni miligramu, ya pili milimoli. Ukigawanya 198 kwa 38.67 unapata 5.1, kwa hiyo jirani ndiye aliyezidi.

Kuhusu kiwango kinachofaa, kile kilichochapwa pembeni mwa majibu ni cha watu wote kwa jumla. Aliyewahi kupata shambulio la moyo hutakiwa LDL yake iwe chini ya milimoli 1.8, na miongozo ya Ulaya ya 2019 inataka iwe chini ya 1.4. Kwa hiyo karatasi inaweza kusema "kawaida" na daktari bado akaongeza dawa. Wembamba nao si kinga: wapo wanaorithi LDL ya juu tangu kuzaliwa.

Na pengine mahali pa LDL utakuta pameachwa wazi. Hilo si uzembe wa maabara. Trigliseridi zikipita milimoli 4.5 kanuni ya Friedewald haiaminiki tena, na maabara makini hukataa kuandika namba. Unaweza kuomba LDL ipimwe moja kwa moja, kama mashine yao inaweza. Isipoweza, chukua kolesteroli yote utoe HDL: unapata jumla ya kolesteroli iliyomo kwenye magari yote yanayodhuru mishipa, VLDL ikiwemo. Namba hiyo haibabaishwi na chapati, na lengo lake ni lile la LDL ukiongeza 0.8.