Kabla ya kumkata mtoto udata, mpimeni masikio

Mtoto ana miaka miwili na nusu, hajasema neno la kueleweka. Bibi anamwinua ulimi, anaona utando umeuvuta chini, basi shauri limekwisha: ana udata, akakatwe. Wazazi wengi hufika kliniki ya usikivu na matamshi wakiwa na ushauri huo, na wengine wameshakata.

Udata upo kweli. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 5 yenye watoto wachanga 302. Kukata kulimpunguzia mama maumivu ya chuchu kwa muda mfupi, lakini haikuonekana wazi kwamba mtoto alinyonya vizuri zaidi. Hayo ni ya kunyonya. Kwamba mtoto asiyesema ataanza kusema akikatwa, hakuna utafiti madhubuti unaoonyesha hivyo. Sikiliza maneno yenyewe: "mama", "baba", "bibi". Yote hutamkwa kwa kufunga na kufungua midomo. Udata unaweza kumharibia mtoto r au l. Haumzuii kumwita mama yake.

Kwa hiyo sisi wa kliniki huanzia masikioni. Hapo mzazi hubisha: "Anasikia, mbona nikipiga makofi anageuka?" Makofi si kipimo. Mtoto huhisi upepo, huona kivuli. Tena anaweza kusikia ngoma na mlango ukibamizwa, zile sauti nzito, huku s, f na sh, ambazo ni nyembamba na hafifu, zikimpita. Wengine wana maji nyuma ya kiwambo cha sikio, nao husikia vizuri leo, vibaya wiki ijayo.

Kipimo kimojawapo hakimtaki mtoto ajibu, na hufanyika hata akiwa amelala. Kifaa kidogo sikioni hutoa mlio, na sikio la ndani likiwa zima hurudisha mwangwi hafifu, jambo lililogunduliwa na David Kemp huko London mwaka 1978. Hakionyeshi hitilafu ya mshipa wa fahamu wa usikivu, hivyo shaka ikibaki tunaongeza kipimo kingine.

Kuchelewa kuna gharama. Utafiti wa Colorado, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ulifuatilia watoto 150 wenye upungufu wa usikivu: waliogunduliwa kabla ya kutimiza miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye.

Anayekushauri kukata, muulize anatibu nini hasa, kunyonya, matamshi au kutosema, na kama masikio yamepimwa. Yakiwa mazima, tunatazama mtoto anavyoelewa anapoagizwa kitu, kama huonyesha kwa kidole anachotaka, na anavyocheza na wenzake.