Gunia la Msaada Likionekana Gikomba, Nani Ameiba?

Ukipita sokoni Nairobi ukaona gunia lenye nembo ya wafadhili na onyo kwamba haliuzwi, watu husema palepale: "Wameiba." Mara nyingi si kweli. Familia inayopewa mahindi kwa kawaida haipewi pesa za kusagisha, wala kuni, wala chumvi, wala dawa ya mtoto. Basi mama hupima kilo chache akauza ili zilizobaki zipikike. Katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wakimbizi waliuza nafaka kwa bei ya kutupa, na mwaka 2015 ukaanzishwa mpango wa Bamba Chakula: sehemu ya mgao ilitumwa kwa simu, mtu akanunua alichohitaji kwa wenye maduka waliosajiliwa. Gunia lenyewe likiisha chakula huuzwa tupu, kwa kuwa wauza makaa na wauza viazi wanalihitaji.

Msimamizi anayeijua kazi haanzii kwenye nembo, huanzia kwenye mshono. Gunia moja lililofunguliwa na kufungwa tena kwa kamba limetoka nyumbani kwa mtu. Lakini magunia kadhaa yenye mshono wa kiwandani na namba moja ya shehena, yamepangwa nyuma ya duka, yametoka kwenye lori au ghalani. Hapo hati ya mzigo hulinganishwa na kadi ya stoo: yalipakiwa mangapi, stoo kipa alitia sahihi amepokea mangapi, na yapi yalitoka bila karatasi.

Wapo pia wanaoamini wizi mkubwa hauwezekani kwa sababu mashirika ya kimataifa yana kompyuta na wakaguzi. Unawezekana. Mwaka 2023 Marekani na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walisimamisha ugavi Ethiopia, kwanza jimbo la Tigray, kisha nchi nzima, baada ya chakula kugundulika kikipotea njiani. Walioumia kwa miezi ni wenye njaa. Kumnyima mlaji kwa kosa la mshika funguo ni dhuluma, na ghala likikaguliwa mara kwa mara hatufiki huko.

Mahindi ya manjano nayo huitwa chakula cha ng'ombe. Walioyala wakati wa ukame wa 1984 hawajayasahau. Rangi ile hutokana na karotenoidi, ambazo baadhi yake mwili huzigeuza vitamini A. Cha kuogopa ni unyevu. Sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliyoua watu zaidi ya 100, wengi wao Makueni na Kitui, mwaka 2004 ilikuwa kwenye mahindi ya nyumbani, meupe kwa manjano hayakuwa hoja. Ndiyo maana magunia hupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta.

Na pesa zikitumwa kwa simu, zitaishia kwenye chang'aa? Uchambuzi wa Benki ya Dunia wa 2014, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, haukuona ulevi ukiongezeka.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba chifu ndiye mwenye orodha na hakuna la kufanya. Utaratibu unataka majina yasomwe barazani, wakazi wapinge au wakubali mbele ya wote. Asiporidhika, mtu aende kwenye dawati la malalamiko au apige simu ya bure ya mradi, akitaja kituo, tarehe na kilo zilizopungua. "Wanatula" ni vigumu kufuatilia. "Jumanne pale kituoni nilipewa kilo nane badala ya kumi" humpeleka mkaguzi moja kwa moja kwenye mizani.