Mtoto aliyekinzana na sheria: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kumtetea mtoto aliyetenda kosa ni kumfundisha kuwa na kiburi.

Ukweli: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, haimwondolei mtoto uwajibikaji. Inachokataza katika kifungu cha 119 ni kumhukumu kifungo cha gerezani. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumkabidhi kwa mtu anayefaa kumlea, au kumpeleka shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha tabia za watoto waliotenda makosa, kama ile ya Irambo, Mbeya.

Dhana: Kesi ya mtoto husikilizwa faragha ili uovu ufichwe.

Ukweli: Faragha humkinga asibandikwe jina la mhalifu mtaani na shuleni, mahali ambapo atarudi kuishi.

Dhana: Sheria ikishapitishwa bungeni, mtoto amekwisha kulindwa.

Ukweli: Hapa ndipo penye kidonda, kwa sababu ulinzi wote huo unategemea umri unaoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Kijana wa miaka 15 anayekamatwa stendi usiku, hana cheti cha kuzaliwa wala mzazi wa kumsemea, akiandikiwa miaka 18 hupoteza haki zake zote kwa mpigo: hulala mahabusu pamoja na watu wazima, husomewa mashtaka katika mahakama ya kawaida, na afisa ustawi wa jamii haitwi. Sheria inaitaka mahakama ichunguze umri wake, lakini uchunguzi huo huja mtoto akiwa ameshalala selo. Ndiyo maana naamini mageuzi ya haraka kuliko yote yanapaswa kuanzia kaunta ya polisi: askari wa zamu akiwa na shaka amhesabu kuwa mtoto hadi ithibitishwe vinginevyo, na asichukue maelezo yake kabla mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii hajafika.

Dhana: Umri wa kuwajibika kijinai hauna haja ya kuguswa.

Ukweli: Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki isipokuwa ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda alilotenda. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ilipandisha umri huo kutoka miaka 8 hadi 12. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilihimiza mwaka 2019 usipungue miaka 14, na bado sijasikia hoja ya kuridhisha ya kumfikisha mtoto wa darasa la nne kizimbani.