Kichwa kikiuma mlimani, hupandi: majibu kwa vikundi vya Mtwara vinavyokwenda Kilimanjaro

Pesa ya korosho ikishaingia, vikundi huanza kubisha hodi kwenye zahanati yetu: walimu, vijana wa mpira, kina mama wa vikoba. Wamechangishana, wanataka Desemba 9 iwakute Kilimanjaro. Wengi hunijia na fomu ya kupimwa afya jioni, na basi linaondoka alfajiri. Mimi ni tabibu, na nimewahi kuongozana na kikundi kimoja hadi Kibo, kituo cha mwisho cha kulala kabla ya kilele. Maswali ninayoulizwa ni yale yale kila mwaka.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini?

Ni mwili kuumwa kwa sababu umepanda haraka kuliko unavyoweza kuzoea hewa nyepesi. Kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoivuta ufukweni Mikindani. Kuanzia mita 2,500 hivi kichwa huweza kuanza kuuma, chakula kikakukinai, ukasikia kichefuchefu na uchovu, usingizi ukawa wa mang'amung'amu.

Dokta, sisi wavuvi, pumzi tunayo. Utatupata na sisi?

Utawapata. Mazoezi yanaimarisha miguu na pumzi, hayauzoeshi mwili hewa ya juu. Tena kijana mwenye nguvu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, maana hukimbilia mbele na hapendi kuonekana amechoka.

Kichwa kikiuma nikameza panadoli, naendelea?

Meza panadoli, kunywa maji, ukae hapo hapo ulipo. Kupanda, hapana. Kikitulia kabisa na dalili nyingine zikaisha, ndipo muendelee. Kisipotulia, au kikizidi, unashuka. Nimeulizwa swali hili kwa namna zote: je kama kinauma kidogo? Je kama wenzangu wananisubiri? Je kama kimebaki kituo kimoja? Hupandi. Hupandi. Hupandi.

Tulipokuwa Kibo, saa tano usiku, watu wakivaa tayari kwa kwenda kileleni, kijana mmoja alikuwa anaingiza glavu ya kushoto mkono wa kulia. Akaivua, akairudisha mkono ule ule, anacheka. Mara tatu. Nikamwambia atembee juu ya ubao wa sakafu, kisigino kikigusa vidole. Hatua ya tatu akaegemea kitanda. Kumbe kichwa kilikuwa kinamuuma tangu Horombo, kituo cha chini yake, akakificha kwa sababu wajomba zake ndio waliomchangia. Huo ulikuwa ubongo unavimba. Hatukusubiri kukuche. Wapagazi walimlaza kwenye ile machela yao ya gurudumu moja, wakamshusha gizani. Alfajiri, Horombo, aliomba uji.

Si huenda ni malaria tu?

Hapa ndipo ninapokosa subira. Kwetu kila kichwa kinachouma ni malaria, kwa hiyo mtu anapanda na mseto, dawa ya malaria, mfukoni, kichwa kikimgonga anameza, kisha anaendelea na safari akijiona ameshatibiwa. Hajatibiwa. Pima malaria kabla ya kuondoka. Ukipata homa kali huko juu, shuka ukapimwe, kwa sababu malaria nayo haingoji. Iwe hii au ile, njia ni moja: chini.

Tangawizi na kitunguu saumu?

Chai ya tangawizi ni tamu kwenye baridi. Basi.

Kuna dawa ya kuzuia?

Ipo, asetazolamaidi. Kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakukojoza sana na vidole vitakuchoma choma. Kama uliwahi kubabuka ngozi kwa SP, ile dawa ya malaria, au dawa nyingine ya salfa, sema kabla hujaandikiwa. Dawa hii inausaidia mwili kuzoea. Haikupi ruhusa ya kukimbia.

Tupange siku ngapi?

Ukishapita mita 3,000, kila usiku ulale si zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Sasa tazama njia ya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila ngazi ni mita elfu moja nzima! Kwa hiyo laleni Horombo siku mbili, safari iwe ya siku sita badala ya tano. Najua, usiku huo wa ziada ndio wa kwanza kufutwa mhazini anapopunguza gharama. Futeni fulana za kikundi.

Nani asiende?

Mwenye sikoseli asiende, nasema wazi. Mjamzito naye abaki. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu inayomsumbua au presha isiyotulia aje tuzungumze wiki nne kabla. Na wewe wa presha, usiache vidonge vyako eti havichanganyiki na mlima.

Lini hatusubiri hata dakika?

Mtu akiyumba kama mlevi, akiongea yasiyoeleweka, akihema kwa shida hali amekaa, au akikohoa makohozi yenye povu. Ashuke sasa hivi, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake. Oksijeni ikiwepo apewe, lakini safari ya kushuka isiingoje.

Na pesa tuliyolipa?

Haitarudi. Kubalianeni hapa hapa Mtwara, kabla ya kupanda basi, ni nani mwenye kauli ya mwisho ya kumrudisha mtu, na asiwe yule anayetamani kilele kuliko wote. Tengeni na fungu la dharura. Halafu leteni fomu mapema. Za jioni ya kuamkia safari sisaini tena.