Meya wa Ufilipino na mihula mitatu: sheria inasema nini hasa

Tangu uchaguzi wa Mei 12, 2025, maswali kuhusu Jiji la Davao, kusini mwa Ufilipino, hayakomi kutufikia. Lililo kubwa: inawezekanaje mtu aliyeko mahabusu The Hague achaguliwe kuwa meya?

Mtu huyo ni Rodrigo Duterte, rais wa zamani wa Ufilipino: aliwasilisha fomu za kugombea Oktoba 2024, akakamatwa Machi 2025 kwa hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), iliyoko The Hague, Uholanzi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1991 kinamwondolea sifa aliyetiwa hatiani kwa hukumu ya mwisho. Siku ya kura hapakuwa na hukumu yoyote dhidi yake. Mtu anaweza kuchukizwa na matokeo hayo, lakini aseme hivyo, asidai kwamba sheria ilivunjwa kabla hajaisoma. Aliyeshika kazi kama kaimu ni naibu meya, mwanawe Sebastian. Naye hakuteuliwa na baba yake: meya na naibu wanapigiwa kura tofauti, moja kwa moja na wananchi. Tunalazimika kulisema hili kwa sababu wasomaji wetu wa Tanzania wamezoea meya anayechaguliwa na madiwani.

Swali la pili linahusu ukomo. Katiba ya 1987 inampa meya muhula wa miaka mitatu, na si zaidi ya mihula mitatu mfululizo. Neno "mfululizo" ndilo linalorukwa. Duterte aliongoza Davao kuanzia 1988 hadi 1998 (muhula wa kwanza ulikuwa mrefu kuliko kawaida), akarudi 2001 hadi 2010, kisha 2013 hadi 2016. Mwaka 2010 aligombea unaibu, na bintiye Sara akawa meya. Kila mara aliuacha umeya, kisha akaomba kura upya. Kujiuzulu katikati ya muhula hakumsaidii mtu kukwepa hesabu hiyo. Katiba yenyewe inasema kujiuzulu kwa hiari hakukati mfululizo.

Mfano bora zaidi ni Puerto Princesa, katika kisiwa cha Palawan. Edward Hagedorn alimaliza mihula mitatu mwaka 2001, akagombea ugavana akashindwa. Mwaka uliofuata meya aliyempokea, Victorino Dennis Socrates, aliitishiwa kura ya kuondolewa madarakani, na Hagedorn akajitosa. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua Novemba 2002 kwamba alikuwa na haki: zaidi ya mwaka alikuwa raia wa kawaida, kwa hiyo mfululizo ulikuwa umekatika.

Kura hiyo ya kumwondoa meya inahitaji maelezo, maana wengi huidhani ni maandamano yaliyopewa jina zuri. Sababu ni moja tu, kupotewa na imani, na hakuna anayetakiwa kuthibitisha kosa. Zamani mchakato ungeweza kuanzishwa na mkutano wa viongozi, wakiwemo wale wa barangay, ambazo ndizo ngazi ya chini kabisa ya serikali. Ndivyo ilivyokuwa kwa Socrates. Sheria ya 2004 ilifuta njia hiyo. Sasa ni saini za wapiga kura peke yake. Katika jiji lenye wapiga kura zaidi ya 300,000 inatakiwa asilimia 10 yao, na kwa vyovyote si chini ya 45,000. Ombi lenyewe hutiwa saini na wawakilishi wa waombaji mbele ya ofisa wa uchaguzi, kisha saini za wapiga kura huhakikiwa na tume ya uchaguzi.

Kura haiwezi kufanyika ndani ya mwaka mmoja tangu meya aingie ofisini, wala ndani ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa kawaida. Kwa muhula wa miaka mitatu, kinachobaki ni takriban mwaka mmoja wa katikati. Meya anayelengwa huhesabiwa kuwa mgombea bila kujaza fomu, na haruhusiwi kujiuzulu wakati mchakato unaendelea.

Swali la mwisho ni rushwa ya kura. Nchini Ufilipino ni jinai kwa anayetoa na anayepokea pia: kifungo cha mwaka mmoja hadi sita, bila nafasi ya kifungo cha nje, pamoja na kupoteza haki ya kupiga kura na ya kushika wadhifa wa umma.