Setilaiti haipigi king'ora: tunayoyakosea kuhusu rada na maporomoko ya ardhi

Juzi baada ya Isha tuko barazani hapa Malindi, mvua imepiga siku tatu mfululizo, maneno yakaingia Marafa, kule Nyari, lile korongo lenye kuta za mchanga, manake ule mchanga mwekundu kila msimu unaliwa na ukingo unazidi kusogea. Mzee mmoja wa huko akaniuliza, "Mwanangu, si kuna hizo setilaiti zinaona kila kitu, si zitatwambia ukingo ukitaka kushuka?" Nilimjibu mpaka chai ikapoa, na naandika hapa kwa sababu si yeye peke yake anayefikiri hivo.

Setilaiti ya rada si kamera inayokutazama saa 24. Sentinel-1 ya Ulaya iko juu karibu kilomita 700, inapita, inarusha mawimbi, yanagonga ardhi yanarudi, basi imeenda zake, na ile ile itapita tena njia hiyo baada ya siku 12. Alafu kuna wanaokosea upande wa pili, eti wakati wa mvua haioni. Inaona, usiku pia inaona, mawimbi ni yake yenyewe na yanapenya mawingu.

Swali zuri lilitoka kwa kijana mmoja: kama kidoti kimoja cha picha ni mita 5 kwa 20, itapimaje sentimita? Hapa ndo penye utamu. Haipimi kwa kuangalia picha, inapima wimbi limerudi likiwa limefika wapi, limepanda au limeshuka. Urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 5.6, kwa hiyo ardhi ikisogea mbali na setilaiti sentimita 2.8, wimbi linaongeza 2.8 kwenda na 2.8 kurudi, mzunguko mzima. Ukilinganisha vipito vingi, miaka miwili mitatu, unafika hadi milimita kwa mwaka, na mimi mara ya kwanza kuona hesabu ile imekubali sikulala.

Lakini hiyo ni kwa mlima unaotambaa polepole. Anayesema itampigia king'ora saa moja kabla anadanganyika, na hili linaniuma kulisema. Novemba 2019 West Pokot mvua ilishusha milima usiku, watu zaidi ya 40 wakafa, udongo uliolowa ukashuka kwa mara moja, hapo siku 12 zitakusaidia nini? Na hata kule kunakotambaa lazima mtu awe anaangalia. Kijiji cha Xinmo kule China kilifukiwa tarehe 24 Juni 2017, na watafiti waliporudi kwenye data za Sentinel-1 wakakuta mteremko ulikuwa umeshaanza kusogea kabla. Data zilikuwepo.

Tena si kila mahali inafanya kazi. Paa, jiwe, barabara, hivo vinarudisha wimbi vile vile kila mara. Shamba la minazi na miembe majani yanacheza na upepo, siku 12 baadaye hakuna cha kulinganisha. NISAR, setilaiti ya rada ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 2025, ina wimbi la kama sentimita 24 linalovumilia majani zaidi. Na ukiona ramani ina nyekundu usikimbie, rangi mara nyingi inaonyesha kitu kinasogea mbali au karibu na setilaiti, na mteremko unaoteleza kwenda kaskazini au kusini karibu hauonekani kabisa.

Wengine husema haya si mambo yetu. Ndugu zangu, Ngomeni iko hapo tu! Uhuru, setilaiti ya kupima eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Data za Sentinel-1 ni bure, programu ya SNAP ya kuzichambua ni bure, unahitaji kompyuta yenye nguvu, bando na subira.

Sasa Nyari. Nilimwambia mzee ukweli: kuta zimesimama wima, mchanga unadondoka vipande vipande, rada hapo itapotea. Akanyamaza kidogo, alafu akasema kuna ufa anaujua, nyuma ya ukingo, mwaka jana ulikuwa unaingia kidole na sasa unaingia mkono. Jumamosi tunaenda kupigilia vigingi, kimoja kila upande, na wajukuu zake watapima kila Ijumaa wakitoka shule.